Majani Yaliyokuita Mwizi

Baba,

Nimekasirika. Nimeona afadhali nikuandikie wewe kabla sijaongea na mtu mwingine, kwa sababu nikifungua mdomo sasa hivi nitatukana mtu. Mama ameingia ndani kulala kidogo baada ya chakula cha mchana. Mimi nimeketi hapa nje kwa ukuta wa jikoni, na kutoka hapa naona kaburi lako vizuri, na nyasi ambayo hakuna mtu amefyeka tangu mvua iishe. Hiyo nitafyeka. Lakini kwanza tuongee.

Bwana Kimeu alikuja hapa leo asubuhi. Ndiyo, huyo huyo, supavaisa wako, mliyekuwa mkiimba naye sauti ya nne kwa kwaya. Alikuja na koti na paketi za sukari. Alichosema hapa ulistahili kukisikia kwa masikio yako mwenyewe, si kupitia barua ya mtoto. Lakini wewe ulikuwa na haraka ya kufa. Hata hilo limenikasirisha, na sitaficha.

Acha nianzie mahali lilianzia, maana kuna mambo uliyaacha bila kuyajua.

Mwaka wa El Nino nilikuwa kidato cha pili. Unakumbuka mvua ilivyonyesha hadi mto ukakata barabara na watu wa Kitengela wakakaa kama wako kisiwani? Nguo zilikataa kukauka wiki nzima. Mama alikuwa anatundika yunifomu yangu juu ya jiko la makaa, na mimi naenda shule nikinuka moshi. Wewe ulikuwa unaamka, unavaa gamubuti, unatembea na matope hadi shamba la maua, kwa sababu matangi hayangejichanganya.

Hiyo ndiyo kazi yako niliyoipenda kuliko zote. Wengine wa hapa walikuwa wanakata maua ama wanapakia. Wewe ulikuwa mtu wa mbolea. Ulikuwa na Tangi A na Tangi B, na mipira myembamba iliyopeleka chakula tone kwa tone kwa kila shina la waridi katika grinhausi tano, zile nyumba za plastiki. Darasa la saba tu, lakini ulijua uzito wa kila kitu kwa mkono. Uliwahi kunipeleka Jumamosi moja ukanionyesha. Ulisema, "Mwaitu, huyu kalsiamu hakai tangi moja na wenzake. Ukimchanganya nao mapema wataganda kama uji umelala, na mipira itaziba." Uliniita Mwaitu, mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yako, na ukiniita hivyo mbele ya wanaume wa kazini nilijiona mtu mkubwa.

Mvua ilipozidi, meneja aliamuru mapazia ya plastiki ya pembeni yateremshwe kila grinhausi, ili upepo na maji visipige maua. Yakateremshwa. Yakakaa hivyo usiku na mchana, wiki baada ya wiki. Ulirudi nyumbani ukamwambia Mama, "Kuingia pale ni kama kuingia bafu mtu ametoka kuoga maji moto. Hata kuta zinatoa jasho." Nilikuwa nasuka nywele za mdogo wangu Mutheu, nikasikia. Hiyo sentensi nimeibeba miaka hii yote bila kujua nimebeba nini.

Halafu majani machanga yakaanza kuungua pembeni. Ukingo unakuwa kahawia, jani linajikunja, kichwa cha ua kinaoza kabla hakijafunguka. Ulileta moja nyumbani mfukoni, ukaligeuza geuza chini ya taa. Wakapeleka majani kupimwa Nairobi, na karatasi ikarudi ikisema neno moja: kalsiamu imepungua.

Meneja hakuuliza swali la pili. Kalsiamu inanunuliwa, inaingia stoo, haifiki kwa jani. Basi inatoka na mtu. Na mtu wa kalsiamu ni nani?

Walikuja hapa na askari wawili wa geti. Kimeu mbele. Unajua walichokishika kama ushahidi? Bafu letu. Lile tulilolizungushia magunia matupu ya mbolea, yale shamba lenyewe lilikuwa linawagawia wafanyakazi. Kila bafu katika mstari wetu lilikuwa na magunia hayo, Baba! La kina Mama Wanjiru, la Parsaloi, hata la mke wa Kimeu mwenyewe. Lakini letu ndilo lilibomolewa, mbele ya watu, na Mama alikuwa ndani akioga. Alijifunga leso, na povu bado liko shingoni.

Kimeu akasema, "Kazi yako imeisha leo. Shukuru Mungu hatukupeleki kituoni."

Na wewe ukasema, "Asante."

Asante, Baba! Ya nini?

Jumatatu, shuleni, nilikuwa nimeshapata jina. Waliniita Kalsi. Msichana akipoteza kalamu, wanasema muulizeni Kalsi. Sikukwambia. Nilidhani hasira yangu ni yao, kumbe nyingine ilikuwa yako. Na jioni moja, ukinywa chai, nikiwa nimetoka kuitwa hivyo mara ya mia, nilikuja nikasimama mbele yako nikasema, "Baba, si uwarudishie tu?"

Uliweka kikombe chini. Hukunipiga. Uliniangalia kama mtu ambaye amepitwa na gari lake la mwisho, ukatoka nje ukaenda kusimama kwa ua wa nyumba. Tangu siku hiyo hukuniita Mwaitu tena. Uliniita Ndinda, kama mwalimu anavyoita rejista.

Mjomba alitaka twende kwa ofisi ya leba, wanaotetea wafanyakazi. Alikuja mara mbili na nauli mkononi. Ukamwambia, "Wacha. Mungu si kipofu." Mama akalia akikuomba useme tu mbele ya kanisa kwamba hukuchukua kitu. "Mungu si kipofu." Naichukia hiyo sentensi. Mungu kuona ni sawa, lakini meneja hakuona, Kimeu hakuona, mtoto wako hakuona. Nani alikuwa atuonyeshe kama si wewe?

Ukaenda Kiserian kuchonga mawe kwa sababu kule hakuna aliyekujua. Ulikuwa unarudi mwisho wa mwezi, nyusi nyeupe kwa vumbi, unakohoa, unauliza masomo, unaondoka. Mkono uliokuwa unapima mbolea bila mizani ukawa na sugu kama gome. Miaka minne. Kisha kifua, kisha hospitali ya Kajiado, kisha ile asubuhi nesi aliniuliza kama kuna mtu mkubwa nimekuja naye. Nilikuwa peke yangu. Nilimwambia mimi ndiye mtu mkubwa.

Sasa sikiliza jambo ambalo hukulijua.

Nilipoitwa chuo kikuu walinipa somo la mimea. Sikulichagua. Nilitaka uuguzi, na majani kwangu yalikuwa ni kitu kilichomla baba yangu. Lakini nilienda. Mwaka wa pili tukapata mwalimu mmoja, mama mfupi asiyeongea Kiingereza cha kujisikia, na siku hiyo alichora jani ubaoni, akachora vyumba vyake vidogo vidogo, zile seli. Akasema kila seli imezungukwa na ngozi, na ngozi hiyo ina milango. Kuna milango ya maji, myembamba sana, inayopitisha maji peke yake na kukataa kila kitu kingine. Na kuna milango ya chakula: huu unajua potasiamu, huu unajua naitreti, ule unajua kalsiamu. Kila mmoja na wake.

Akasema hii milango haifanyi kazi kila mmoja kivyake. Ni kama watu wawili wamebeba kitanda. Chakula kikiingia kwa seli, maji yanakifuata, seli inajaa, jani linasimama. Na maji yakipanda kutoka mizizini, ndiyo yanakileta chakula hadi mlangoni. Mmoja akiachilia, mwingine hawezi kufika mbali.

Nilikuwa naandika tu, nikisinzia. Kisha akasema habari ya kalsiamu.

Baba, kalsiamu hajui kutembea. Wale wengine wakikosa njia moja wanapata nyingine. Jani kuukuu linaweza kuitoa potasiamu yake likalipelekea jani changa, kama nyanya anavyomwachia mjukuu nyama. Kalsiamu, la. Yeye anapanda na maji peke yake, anashuka mahali maji yamefika, na akishashuka hapo amekaa milele. Kwa hivyo jani changa litampata tu kama linavuta maji yake lenyewe. Na jani linavuta maji likiwa linakauka kidogo kidogo, hewa ikilinyonya. Hewa ikiwa imeshiba maji, kama ndani ya bafu mtu ametoka kuoga, hakuna cha kuvuta. Maji yanasimama. Kalsiamu inabaki chini. Tangi linaweza kujaa hadi limwagike, na ukingo wa jani changa bado utaungua kwa njaa.

Nguo zilikataa kukauka wiki nzima. Majani nayo pia.

Nilitoka darasani bila ruhusa. Nilienda nyuma ya maabara nikashika ukuta, nikapiga ile sauti ambayo sikuipiga siku tulipokuzika. Wanafunzi walidhani nimefiwa. Sikuwa na namna ya kuwaeleza kwamba ni kweli, lakini zamani.

Hukuiba! Hakuna mtu aliyeiba. Mbolea yote ilifika kwa mizizi, na aliyeizuia isifike kwa majani ni yule aliyeamuru mapazia yateremshwe.

Hata hivyo sikutaka kumwendea mtu na maneno ya ubaoni. Unanijua. Nilipofika mwaka wa mwisho niliomba kufanya jaribio langu na letasi, ile mboga ya saladi, kwa sababu waridi lingechukua muda. Mche huu na ule, udongo mmoja, chakula kimoja, maji mamoja. Nusu niliziacha wazi, nusu nikazifunika na plastiki na bakuli la maji ndani. Nilizipima mbolea kwa mizani mara tatu tatu, kama kuna askari wa geti amesimama nyuma yangu. Hazikuchukua muda. Zile zilizofunikwa, majani ya katikati, yale machanga kabisa, yakaanza kuwa kahawia pembeni na kujikunja. Lilikuwa jani lile lile uliloligeuza chini ya taa. Niliyakausha ndani ya kitabu cha mazoezi.

Wiki jana nikaenda kwa Kimeu. Siku hizi ana agroveti hapa Kitengela, karibu na stendi, anauza mbegu na dawa za ng'ombe. Alinitambua mara moja. Aliniita "binti ya rafiki yangu," nami nikaweka kitabu kwa kaunta nikakifungua juu ya pakiti zake za mbegu. Nilimweleza yote, polepole, kama nafundisha. Mapazia, hewa, maji, kalsiamu. Nilikuwa nimejitayarisha kwa mabishano. Nilikuwa nimebeba hata karatasi ya maksi yenye muhuri wa idara.

Hakubishana. Alifunga kitabu taratibu, akaangalia mlangoni kama kuna mteja, akasema, "Ndinda, tulijua."

Nikamwambia, "Mlijua lini?"

"Mvua ilipokatika tukainua mapazia. Majani mapya yakatoka mazuri. Tangi lile lile, kipimo kile kile cha baba yako, hata hatukuwa tumeandika mtu mwingine. Halafu mtaalamu akapitia, akacheka. Akasema ni unyevu."

"Lini, Bwana Kimeu?"

"Wiki kama tatu hivi baada ya... baada ya baba yako kutoka."

Wiki tatu, Baba. Hukuwa umefika Kiserian. Ulikuwa hapa hapa, unazibua mfereji wa nyumba. Angetembea dakika kumi. Tulikuwa tunakutana naye kila Jumapili! Alikuwa anasimama kwa kwaya, pengo lako pembeni yake, anaimba sauti ya nne peke yake. Akamaliza ibada. Akasalimia Mama mkono.

Nilimwuliza kwa nini. Alisema meneja aliamua hiyo kesi imefungwa, na mtu angeifungua angefuata njia ile ile ya geti. Akasema, "Niko na watoto, Ndinda."

Nikamwambia, "Hata yeye alikuwa nao. Mmoja ndiye mimi."

Sikupiga mtu. Ningeweza. Kulikuwa na panga mpya zimetundikwa juu ya kichwa chake, na mimi ni mtoto wa mtu aliyechonga mawe. Nilimwambia tu aje amwambie Mama, kwa mdomo wake, na asipokuja nitasimama mlangoni kwa duka lake kila siku ya soko na hicho kitabu.

Ndiyo akaja leo.

Mama alikuwa anaosha sufuria hapo nje. Hakumpa kiti. Wewe unajua Mama hawezi kumnyima kiti hata mtu amekuja kudai. Leo alimwacha amesimama juani na koti. Kimeu akaanza na hali ya hewa, kisha na Mungu, kisha kwa sauti ya chini kabisa akasema kwamba Baba Ndinda hakuchukua kitu, kwamba ilikuwa hewa, na kwamba walijua.

Mama aliendelea kusugua sufuria. Nilifikiri hakusikia. Kisha akasema, "Sema tena. Nenda useme pale kwa geti letu, majirani wasikie."

"Mama Ndinda..."

"Pale kwa geti. Mlipobomoa bafu langu hamkunong'ona."

Akaenda. Akasema kwa sauti. Mama Wanjiru alitoka na mtoto mgongoni. Parsaloi, ambaye siku hizi ni mzee na hatembei bila fimbo, alisimama kwa ua wake akasikiliza hadi mwisho, akatema mate chini, akasema, "Hata mimi nilikuwa na hayo magunia." Ni hayo tu. Akarudi ndani.

Kimeu alirudi akiwa ameloa jasho, akamnyooshea Mama sukari. Mama hakuipokea. Alisema, "Jumapili utasema kanisani."

"Nitaongea na pasta kwanza, tuone ratiba."

Mama ndipo alipomwangalia usoni kwa mara ya kwanza. "Si pasta aliyeitwa mwizi," akasema.

Aliondoka na sukari yake.

Nilidhani nitafurahi. Miaka yote hii nilikuwa nawaza siku ambayo mtu atasema hivyo kwa sauti, nikidhani kitu kitafunguka kifuani. Hakikufunguka. Mama aliingia jikoni, akashika meza kwa mikono miwili, akaniuliza, "Ni kweli walijua akiwa bado hapa nyumbani?" Nikasema ndiyo. Akaniuliza tena swali hilo hilo, mara tatu, kama mtu anayejaribu ufunguo. Kisha akaniambia kitu hukuwahi kuniambia wewe. Kwamba kila mwisho wa mwezi ukirudi kutoka Kiserian ulikuwa unamwuliza, "Ndinda bado anaamini niliiba?" Na yeye alikuwa anakwambia tu nasoma sana.

Kwa nini hukuniuliza mimi? Nilikuwa chumba cha pili! Nilikuwa nimelala na macho wazi. Ungeniita hata kwa hilo jina la rejista, ningetoka. Mimi nilikuwa mtoto, Baba. Wewe ndiye ulikuwa mtu mzima, na ulikuwa na haki ya kugonga meza na kusema, "Sikuiba, na wewe utaniamini." Ningekuamini. Nilikuwa nangoja tu uniamuru.

Basi. Na mimi niseme langu. Nilikosea. Sikukosea kwa sababu sikujua habari ya milango ya maji. Hata wenye digrii pale shambani hawakujua wakati huo. Nilikosea kwa sababu nilikujua wewe, na nikasahau. Sikuhitaji ubao wa mwalimu kujua mtu aliyekuwa anarudisha hata msumari wa shamba akiukuta mfukoni. Pole, Baba. Pole sana. Nimeandika hiyo nikaacha kalamu nikalia, sasa nimerudi.

Jumapili ni kesho kutwa. Sijui kama Kimeu atakuja, na akija sijui kama atasimama. Mjomba atatoka Machakos, nimempigia simu, na anasema atakaa mstari wa mbele avae ile kofia yake asiyoivua. Mama ameshatoa nguo yake ya kitambaa cha buluu, ameitundika kwa mlango.

Hii ndiyo ahadi yangu. Kimeu asiposimama, nitasimama mimi. Na akisimama, nitasimama baada yake, kwa sababu yeye atasema "kulikuwa na makosa" na kuketi, na mimi sitakubali waondoke na neno dogo hivyo. Nitawaeleza jani, kwa Kikamba na kwa Kiswahili, hadi mtoto wa Sande Skulu aelewe jinsi maji na chakula vinavyofuatana na nini kilivizuia. Nitataja jina lako kamili, majina yote matatu. Nitasema ulikuwa fundi. Wakitaka kuimba waimbe baadaye.

Sasa nachukua panga nikufyekee nyasi, kabla jua halijashuka. Pumzika, kama unaweza. Mimi bado siwezi.

Ni mimi binti yako,
Ndinda